Ufini haikuishia kwa Sibelius

Mhariri,

Muziki wa okestra wa Ufini ukitajwa kwenye safu za utamaduni, jina la kwanza ni Jean Sibelius, na mara nyingi ndilo la mwisho pia. Sina ugomvi na Sibelius. Ninachopinga ni mazoea ya kuwaona watunzi waliomfuata, wale wa miaka ya 1910 na 1920, kuwa ni waigaji wake tu. Dai hilo halisimami mbele ya mtu aliyewasikiliza.

Anayetaka kuwajua aanze na Simfonia ya Pili (simfonia ni kazi ndefu ya okestra yenye sehemu kadhaa) ya Leevi Madetoja, ya mwaka 1918. Madetoja alifundishwa na Sibelius, na mwalimu anasikika humo. Lakini sikiliza sehemu ya pili, pale obo na honi, ala mbili za kupuliza, zinapoitana kama wachungaji wawili walio ng'ambo mbili za bonde: sauti hiyo ni ya Madetoja mwenyewe. Mwaka huohuo vita vya wenyewe kwa wenyewe vilimuua ndugu yake Yrjö, na mtunzi mwenzake Toivo Kuula akapigwa risasi mjini Viipuri, akafa. Sehemu ya tatu inachemka kwa hasira. Ya nne ni fupi na inazimika bila shangwe yoyote. Kosa la kawaida ni kuchagua kipande kimoja na kuacha kingine. Sehemu hizi zimeungana mbilimbili, kwa hiyo ukikata katikati, maana inapotea. Tenga kama dakika 40, tena usitumie spika ya simu, kwa sababu inameza besi na chelo, zile ala kubwa za nyuzi zenye sauti nzito, na nusu ya simfonia hii imekaa huko chini.

Baada ya hapo nenda kwa Uuno Klami, aliyesoma Paris. Msururu wake wa Kalevala, uliopewa jina la utenzi mkuu wa Ufini, una midundo mikali ambayo Sibelius hakuiandika kamwe. Tafuta toleo la mwaka 1943 lenye sehemu tano. Lile la awali la 1933 halina Terhenniemi, sehemu nyororo kuliko zote.

Wagumu ni Väinö Raitio na Aarre Merikanto, na hao ndio ninaowapenda zaidi. Wengi huwakimbia kwa sababu wanatafuta wimbo wa kushika na kuupiga mluzi. Kwenye Kuutamo Jupiterissa ya Raitio (1922) hakuna wimbo wa namna hiyo. Kinachosogea ni rangi ya sauti: angalia ala ipi inaingia, ipi inajificha, na jinsi fidla zinavyogawanywa makundi madogo madogo. Sikiliza mara mbili mfululizo. Mara ya kwanza ni kuzoea tu.

Mbona hawakujulikana? Kazi zao nyingi zilibaki miswada. Okestra haipigi muswada. Kila mpigaji anahitaji karatasi yake, na kunakili kwa mkono karatasi za okestra kubwa ni gharama. Juu ya hayo, wasikilizaji wa Helsinki hawakuupokea vizuri usasa huo. Opera ya Merikanto iitwayo Juha ilikamilika 1922 lakini ikafika jukwaani 1963, miaka mitano baada ya kifo chake. Kwa kukata tamaa aliharibu baadhi ya kazi zake mwenyewe. Mojawapo, Sinfoninen harjoitelma ya 1928, tunaisikia leo kwa sababu mtunzi Paavo Heininen aliijaza mapengo miaka ya 1980.

Tahadhari moja ya utafutaji: ukiandika Merikanto peke yake utaletewa nyimbo tamu za Oskar, babake Aarre. Andika jina kamili. Ukimtafuta Erkki Melartin, mtunzi mwingine wa wakati huo, utakutana kwanza na machi yake inayopigwa sana harusini. Ipite, uende kwenye Traumgesicht ya 1910, kisha Simfonia ya Nne, ambamo sauti tatu za wanawake zinaimba bila maneno. Majina ya kazi hizi hutafsiriwa ovyo, kwa hiyo shika jina la asili. Rekodi za kampuni ya Ondine, zikiongozwa na Jukka-Pekka Saraste kwa Raitio na John Storgårds kwa Madetoja, ni za kuaminika.

Ombi langu kwako, Mhariri: gazeti likigusia muziki huu, lichapishe jina kamili la mtunzi, jina la kazi kwa lugha yake ya asili, na mwaka. Bila hayo msomaji hana pa kuanzia.

Msomaji wako,
Mpenzi wa muziki wa okestra