Zile salamu za alfajiri

Glasgow, Uskoti
18 Januari 2025

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nifikishie shikamoo kwa Mama na Mama Mdogo, watoto wasalimie wote.

Shuleni tulifundishwa barua ianze na "mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu". Nimeianza hivyo mara mbili, na mara mbili nimechana karatasi. Safari hii hofu na mashaka ni juu yangu mimi, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu ya Mama huwekwa spika ikasikilizwa na nyumba nzima, hata na jirani aliyekuja kuazima karai. Barua hii nampa mgeni anayeshuka Dar, naye atakuja nayo Tanga kwa basi. Isome peke yako kwanza, halafu utajua lipi la kumsomea Mama na lipi la kuruka.

Nianze na zile salamu. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, Mama ameshaswali, chuma cha vitumbua kiko jikoni, simu yake inalia: "Shikamoo Mama, umeamkaje?" Mnanisifu. Mjomba amewahi kusema mbele za watu kwamba Ulaya haikunibadilisha, binti bado anaamka na adhana. Dada, saa kumi na mbili ya Tanga ni saa tisa usiku ya Glasgow, majira haya ya baridi. Nilikuwa siamki. Nilikuwa sijalala. Au nimelala saa tano, nikazinduka saa nane, macho makavu kama ya samaki aliyeshinda sokoni, nikawa nahesabu dakika ifike saa tisa ili nipate mtu wa kusema naye. Tulipokuwa wadogo nilidhani "usiku wa manane" ni maneno ya hadithi tu. Kumbe ni saa nane hasa, na nimeijua vizuri kuliko mtu yeyote mtaani kwetu Ngamiani.

Mwanzoni nilisingizia zamu. Unajua nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, naingia saa mbili usiku natoka saa mbili asubuhi. Nani asiyejua kwamba zamu ya usiku inaharibu usingizi? Nikaomba ya mchana. Msimamizi akanizungusha miezi minne, mwisho akanipa. Nikanunua shuka jipya, nikalala saa nne kama mtu na akili zake. Sikupata hata lepe. Siku ya pili hivyohivyo, wiki ya pili hivyohivyo. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, maana sababu niliyokuwa nayo nimeshaiondoa na ugonjwa umebaki.

Sijui kama unakumbuka saa aliyozikwa Baba. Baada ya swala ya alasiri. Hapa ilikuwa saa saba mchana, nimeshika kijiko, namlisha bibi mmoja supu ya viazi. Nilimaliza kumlisha, nikamfuta mdomo, nikaenda chooni kuangalia video aliyonitumia Kaka, nikarudi kuwalisha waliobaki. Watu hapa walinipa pole, nikasema ahsante. Sikulia. Wewe ulilia kwenye mkeka na wenzako siku tatu, ukashikwa mabega. Mimi nilirudi chumbani nikapika wali. Simlaumu mtu, Dada. Nauli ya ghafla nisingeipata, na maiti haisubiri. Nakueleza tu kilivyokuwa.

Baada ya hapo vitu vikaanza kupungua kimoja kimoja bila mimi kuona. Nikaacha kusuka nywele, nikawa nafunga kilemba. Nikaacha kwenda kwa wenzetu Waswahili tunaokutana Jumapili, kila wiki nina udhuru. Siku moja mwezi wa kumi nilisimama jikoni, kitunguu mkono huu, kisu mkono huu, nikashindwa kuamua nikikate au nikirudishe kikapuni. Nilisimama mpaka mpangaji mwenzangu akaingia akauliza kama niko salama. Nikatazama saa ya ukutani: dakika 40. Ndiyo siku niliyopiga simu kwa daktari.

Daktari alinipa karatasi ya maswali tisa, kila moja linauliza habari za wiki mbili zilizopita, nawe unachagua: hapana, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, au karibu kila siku. La kwanza linauliza kama vitu vimekuwa havikupendezi tena. La tatu ni la usingizi. Unajumlisha alama, mwisho ni 27. Mimi nilipata 18. Akasema ni sonona, na si ya kuchezea.

Neno hili nataka tuelewane. Kwetu tunasema "ana mawazo", kama vile mawazo ni mgeni, ukimkirimu chai ataondoka. Au tunaruka mpaka ng'ambo ya pili, mtu anapakiwa gari kupelekwa Lutindi, hospitali ya wagonjwa wa akili, na mtaa mzima unajua. Hapa katikati hatuna chumba. Mimi niko hicho chumba cha katikati. Naenda kazini, nahesabu chenji sawasawa, sizungumzi peke yangu. Ila nilikuwa kama nguo iliyolowa isiyokamuliwa, nzito, na baridi ndani.

(Kuanzia hapa mpaka nitakapokwambia, Mama asisomewe.)

Swali la tisa linauliza kama umewaza kwamba ni heri ungekuwa umekufa. Kalamu ilisimama. Kisha nikaweka alama kwenye "siku kadhaa", kwa sababu ndiyo ukweli. Daktari hakushtuka wala hakunihubiria. Aliuliza kama nimepanga lolote, nikasema sijapanga, ni wazo tu, linakuja usiku likipambazuka linakwenda. Akaniuliza usiku huo niko na nani. Akaniandikia namba ya Samaritans, watu wa kusikiliza wenye dhiki, 116 123, unapiga bure saa yoyote, mtu anapokea. Nimeipiga mara moja, mwezi wa kumi na moja. Mwanamume mwenye sauti ya kizee alinisikiliza karibu saa nzima, tena akanielewa na Kiingereza changu cha usiku. Wazo lile sasa halijanijia tangu kabla ya Krismasi. Likirudi nitamwambia daktari, na nitakwambia wewe. Naahidi.

(Hapa endelea.)

Nilimuuliza daktari kipi kimezaa kipi: sonona imefukuza usingizi, au kukesha kumeleta sonona? Akasema vinalishana, na zamani walikuwa wakitibu kimoja wakitumaini kingine kitafuata, siku hizi vinatibiwa vyote viwili kwa pamoja. Nilipenda jibu lile. Nilikuwa nimechoka kutafuta mkosaji.

Dawa ni setralini, kidonge kimoja. Mwanzo nilikuwa nakimeza usiku, nikidhani dawa ya maradhi ya huzuni itanilaza. Ikanikodoa macho zaidi, na kichefuchefu juu. Akaihamishia asubuhi baada ya chai, ikatulia. Wiki ya nne ndiyo nilianza kuona tofauti, tena ndogo: siku moja nilicheka kwenye basi. Vidonge vya usingizi alinipa vya siku saba, basi. Alisema mwili unavizoea haraka na ukiviacha usingizi unakuwa mbaya kuliko ulivyoukuta. Dawa anazoandika daktari hapa Uskoti ni bure, kwa hiyo ondoa hofu ya gharama.

Lakini kilichonishangaza ni ile kozi ya usingizi. Wiki mbili za kwanza nilitakiwa kuandika tu: nimepanda kitandani saa ngapi, nadhani nimelala saa ngapi, nimeamka mara ngapi. Ikaonekana nakaa kitandani kwa muda wa saa tisa, na muda ninaolala ni saa nne na nusu tu. Nilidhani wataniambia nilale mapema zaidi. Wapi! Mama muuguzi akauliza kwanza kama nina kifafa, nikasema sina, ndipo akaniambia: kuanzia leo kitanda chako ni saa tano tu. Unapanda saa saba usiku, unashuka saa kumi na mbili asubuhi, umelala hujalala. Mchana hakuna kusinzia. Nikadhani ananitania. Mtu anakuja analia njaa, unampunguzia chakula! Lakini ndiyo dawa yenyewe: usingizi unalimbikizwa, ukiudokoa mchana na kuutafuta saa tatu za bure usiku, unakuwa mwepesi kama uji wa maji. Ukibanwa ndani ya saa chache unakuwa mzito. Ukifika mahali ambapo muda unaolala ni asilimia 85 ya muda uliopo kitandani, wanakuongezea dakika 15. Dakika 15, Dada! Kama wanavyopima dhahabu.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya taabu, nilisinzia nimesimama kwenye kituo cha basi. Ya tatu, nikalala saa nne na dakika arobaini bila kuzinduka. Niliamka nikiwa na alama ya mto shavuni, nikaenda kwenye kioo kuitazama.

Sheria nyingine ni kwamba usingizi ukikataa, usigaegae. Kama dakika 20 zimepita, na hazipimwi kwa saa maana saa imegeuziwa ukutani, unaondoka kitandani, unakwenda kukaa kwingine, unarudi ukisinzia. Kitanda kisijue mambo mengine. Chai ya rangi na kahawa mwisho adhuhuri, kwa kuwa ukinywa kikombe saa kumi jioni, nusu ya ukali wake bado unao mwilini saa tatu usiku. (Wazee wanaokunywa kahawa chungu barazani baada ya isha wakaenda kukoroma, hao ni umbo jingine.) Na asubuhi nitoke nje nipate mwanga, na huo nao ni mtihani: mwezi huu jua linatoka saa mbili na nusu, na Desemba saa kumi kasorobo lilikuwa limeshazama. Siku za mapumziko natembea kando ya mto Kelvin, nimejifunga kama mzigo wa posta.

Sasa, huku kukaa kwingine mpaka usingizi uje, unafanya nini? Simu hairuhusiwi. Nilijaribu kusoma, herufi zinatembea. Usiku mmoja niliona mfuko wa plastiki wa dukani, nikauchana vipande virefu, vidole vikaanza vyenyewe: chukua, pitisha, vuta. Ukili, Dada. Ule msuko wa mikeka wa Bibi. Sikujua kama bado nao mikononi. Umekwenda mshazari kama mkia wa mjusi, Bibi angeufumua wote, lakini nilisuka kama dhiraa moja, kichwa kikawa kimya. Sasa ninayo bunda ya ukili wa plastiki chini ya kitanda. Mpangaji mwenzangu anadhani nina biashara.

Upande wa Mama. Najua akisikia atataka ninywe kombe, maji ya aya zilizoandikwa sahanini, na atamwendea shehe nisomewe. Mwambie nashukuru, na kisomo asiache. Ayatul Kursiyyu naisoma kila usiku kabla ya kufumba macho. Ila vidonge sitaacha, na asiambiwe na mtu kwamba ni jini wala husuda ya mke wa nani. Mwambie ni maradhi, kama presha yake mwenyewe: anameza dawa na anaomba dua, na hakuna aliyemwambia achague.

La pesa nalisema haraka. Mwezi wa kumi na moja sikufanya kazi wiki tatu, ndiyo maana mabati hayakukamilika. Msikae mkapiga hesabu nimepata bwana wa kumtunza. Nikipata nitatuma, na nisipopata, naomba simu isianze na "tuna shida". Ianze na habari za mvua. Niulizeni nimekula nini.

Leo kitanda changu kimefika saa sita, napanda saa sita usiku. Nakuandikia saa tano na robo, mezani jikoni. Ijumaa ya juzi sikulala kabisa, wala sijui kwa nini, nilikwenda kazini na kesha langu. Muuguzi anasema usiku mmoja mbaya usiuongezee wa pili kwa kuuogopa. Ni rahisi kwake. Lakini kati ya siku saba, tano nalala.

Kwa hiyo mkiona salamu za alfajiri zimekatika, zinakuja saa tatu za huko badala ya saa kumi na mbili, msiulizane kulikoni. Mjomba mwambie Ulaya imenibadilisha.

Nina ombi. Huyo mgeni anarudi huku katikati ya mwezi wa pili. Nendeni sokoni mkanitafutie chane za miyaa zilizokwisha kutiwa rangi, mafungu mawili yanatosha, mzikunje kwenye khanga zisivunjike. Moja jekundu, moja kijani. Zambarau usiweke, inatoka rangi mikononi na hapa tunavaa sare nyeupe.

Mdogo wako