Mkutano wa Jumamosi kuhusu kakakuona wa msitu wa Nyakweri

Ndugu wanakikundi, hamjambo.

Mkutano wetu wa Jumamosi utaanza saa tatu asubuhi badala ya saa nane mchana, kwa sababu tunataka kutembea kando ya nyua za mashamba kabla ya jua kuwa kali. Tutakutana chini ya ule mtini wa karibu na kisima.

Kama tulivyokubaliana, hoja kuu ni waya wa chini kabisa wa uzio wa umeme. Kakakuona mkubwa hutoka usiku kutafuta sisimizi na mchwa, akibomoa vichuguu kwa kucha na kuwalamba kwa ulimi wake mrefu wenye kunata, kwa kuwa hana meno hata moja. Akigusa waya na kushtuka hujikunja kama alivyozoea kujikinga na simba, na kwa bahati mbaya hujizungushia waya huohuo unaomuua. Kumfuga ili kumwokoa hakusaidii, maana chakula chake ni kigumu kumpatia, naye huzaa mtoto mmoja tu kwa kawaida.

Tunaombwa:
1. Kila mwenye shamba aje na idadi ya nguzo zake.
2. Mchango wa shilingi 300 wa chai na koleo umfikie mweka hazina kabla ya Ijumaa jioni.
3. Vijana wawili wajitolee kupiga picha vichuguu vilivyochimbuliwa, bila kutaja mahali mitandaoni, kwani wawindaji haramu nao husoma.

Tafadhali thibitisha kwa kuandika "Nitakuja" au "Sitaweza" kufikia Alhamisi usiku.

Katibu wenu