Picha zitangulie alama ya kugawanya

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa ufundishaji wa hisabati katika madarasa ya chini, hususan somo la kugawanya, ambalo watoto wengi hukaririshwa kabla hawajaliona kwa macho. Mtoto akichorewa nukta 12 na visanduku 3, akavuta mstari kutoka kila nukta hadi kwenye kisanduku, moja moja kwa zamu, atajionea kwamba kila kisanduku kimepata nukta 4. Na akiambiwa azungushie duara nukta tatu tatu, atapata mafungu 4, jibu lile lile kwa maana nyingine. Maana hizo mbili, kugawa sawa na kuhesabu mafungu, hazionekani kamwe katika 12 ÷ 3 iliyoandikwa ubaoni. Nukta zikiwa 13, moja hukosa pa kwenda, na hapo mtoto huelewa baki ni nini.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Jerome Bruner, alieleza mwaka 1966 kwamba ujuzi hupitia vitendo, kisha picha, ndipo alama. Nawasihi walimu na waandaaji wa vitabu wasiiruke hatua hiyo ya kati: kila zoezi la mwanzo liwe na mchoro, na mtoto mwenyewe ndiye ashike penseli.