Usimwache fundi azibe vile vitundu

Tanga, 9 Februari

Swahibu Hamisi,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, mama anakuulizia, na pikapu yangu ya Datsun bado inaunguruma. Ujumbe wako niliupata juzi, ule wa kwamba mvua za Njombe zinakunyeshea ukiwa ndani ya gari, na fundi wako anataka apige silikoni kuzunguka vioo vyote kisha azibe na "vile vitundu vya chini ya mlango vinavyoingiza maji". Nimeona nikuandikie barua kabisa, maana kwenye simu utanikatiza. Kama hajaanza, mzuie. Kama ameshaanza, mnyang'anye hiyo silikoni.

Vile vitundu haviingizi maji, vinayatoa. Hata mimi sikulijua hilo mpaka nilipofungua mlango wangu. Maji yanayoteremka kwenye kioo huzuiwa na ile raba ya nje inayolamba kioo, lakini si yote. Hata gari likiwa jipya, kiasi fulani hupenya na kuingia tumboni mwa mlango. Waliolitengeneza walijua, wakayaachia njia ya kutokea chini. Ukiiziba, mlango unageuka ndoo. Nenda sasa hivi kautikise mlango wako huku na huku. Ukisikia chwaa chwaa, jibu umelipata.

Mimi nilipewa jibu na shemeji yako. Masika iliyopita alishuka Mgandini gauni limelowa ubavu mzima, akasema yeye mtumbwi hapandi tena. Nikaangalia raba ya nje upande wa abiria: imekauka ng'onda, ukiikunja inakatika. Sishangai. Gari ni la 1978 na halijawahi kujua kivuli.

Kufungua mlango kuna sehemu moja tu ya kukutesa. Kishikio cha kuzungushia kioo hakina skrubu. Kimebanwa kwa nyuma na kipini cha waya chenye umbo la kwato ya farasi. Usikichokonoe kwa bisibisi, utachubua ubao wa ndani. Chukua tambara, lipitishe nyuma ya kishikio, livute huku na huku kama mtu anayejisugua mgongo kwa dodoki, na kipini kitatoka chenyewe. Ila kinatoka kwa kuruka. Changu nilikitafuta mchangani nusu saa, kumbe kimo ndani ya kandambili yangu.

Ndani sasa. Kwanza, ile karatasi ya nailoni inayokaa nyuma ya ubao haikuwepo. Kuna fundi zamani aliitoa akaona haina kazi. Ndiyo sababu ubao ulikuwa umevimba na kujikunja, na ndiyo iliyomlowesha shemeji yako kuliko hata raba. Pili, chini kabisa kulikuwa na tope jeusi limeshikamana kama udongo wa mfinyanzi. Nikachomeka spoki ya baiskeli kwa chini, nikazungusha. Kimya. Nikaongeza nguvu, mara maji ya rangi ya chai yakatoka pyuu hadi kwenye mkono wa shati, na nilipolichota lile tope nikakuta sarafu ya senti hamsini, ile ya sungura! Nimeisafisha, iko dirishani.

Mkunjo wa chini wa bati ulikuwa umeanza kuliwa na kutu. Brashi ya waya, msasa, kisha rangi ya kuzuia kutu mikono miwili. Hiyo silikoni ya fundi wako, kama ina harufu ya siki, jua ina asidi. Ukiipaka juu ya bati lililochubuka unaikaribisha kutu.

Raba nilizifuata Dar, kwenye maduka ya spea mtaa wa Gerezani. Ya nje inauzwa kwa mita, na usiende na maneno matupu: kata kipande cha ile ya zamani, ukitie mfukoni, ufananishe unene na ule mdomo wake. Mimi nilipima vizuri nikakata sawasawa na kipimo, na hapo ndipo nilipokosea. Unapoichomeka unaivuta bila kujua, ukishaiachia inajirudi. Baada ya wiki mbili pembeni kukawa na pengo la kupita kidole. Nikanunua nyingine, nikakata ndefu kidogo, nikawa naisukuma badala ya kuivuta. Ili iteleze tumia maji ya sabuni. Grisi na dizeli achana navyo, vinaivimbisha raba na kuilegeza.

Kile kioo kidogo cha pembetatu ndicho chenye kazi. Raba yake haiuzwi kwa mita, imefinyangwa kwa umbo lake. Bahati yetu ni kwamba Afrika Kusini waliendelea kuziunda pikapu hizi hadi 2008, kwa hiyo spea hazijawa hadithi bado. Jirani yangu dereva wa lori, anayepita Tunduma kwenda kusini, ndiye aliyeniletea. Kuivalisha kulinichukua Jumamosi nzima na matusi niliyoyarithi kwa marehemu mzee. Unamkumbuka alivyokuwa akimtaja Shekhar Mehta kama mtoto wa dada yake? Ushindi mara 5 kwenye Safari Rally, 1973 na kisha 1979 hadi 1982, zote kwa magari ya kampuni hii. Mehta na tope lote lile, mimi na raba ya shibiri mbili.

Nailoni mpya nimeikata kwenye ile iliyofunika godoro la watoto. Gundi pembeni, lakini ncha ya chini usiigundishe juu ya bati: ichomeke ndani ya mlango, ili tone likiteremka lirudi tumboni na kutokea kwenye vitundu. Wengi hapo ndipo wanapokosea. Halafu mwagia kioo ndoo nzima ya maji uchuchumae uangalie chini. Yakidondoka chini ya mlango, usishtuke. Yasipodondoka ndipo ushtuke.

Nimebakiwa na mita 2 za raba ya nje, zinakutosha milango yote miwili. Nitazipa basi la Ijumaa pamoja na dagaa wa mama, nimefunga mbalimbali visije vikanuka. Wewe niletee viazi ukishuka Pasaka, na uje na gari, nataka kuusikia mlango wenyewe.

Wasalimie watoto.

Wako,
Mbaraka