Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Familia za Walevi na Mateja, Moshi

Ndugu wanachama, wazee wetu na akina mama, habari za siku nyingi, maana wengine tangu mwaka jana hatujaonana.

Shughuli za kawaida mnazijua, sipotezi muda: Pasua na Njoro tulitembelea, hospitali ya Mawenzi tulienda kusalimia wagonjwa, semina ya bodaboda ilifanyika.

Sasa hela ya mbuzi wa sherehe. Nasikia huko pembeni mwenyekiti kala hela ya sherehe ya Desemba. Sijala. Laki 7 na nusu zimelipa kodi ya chumba Pasua miezi 6, kitanda, mashine ya presha na nauli ya nesi, ili daktari wetu anayejitolea awaone watu hukohuko mtaani kila Jumamosi. Risiti anazo mweka hazina. Kikao niliitisha mara 2 akidi haikutimia, mara ya pili tulikuwa wanane na mmoja alipitia tu kuulizia mwavuli wake, sasa mlitaka nimuulize nani? Halafu jamani, chama cha familia za walevi na mateja tuchinje mbuzi tushushie na mbege, kweli?

Wengine mlitaka tukodi nyumba tuwafungie vijana waache pombe na unga kwa nguvu. Nilikataa na nakataa tena. Daktari alishaeleza ila mlikuwa wachache: teja wa unga, yaani heroini, akikatishwa ghafla anapata arosto, anatapika, mwili wote unauma, lakini mara chache inaua. Mlevi wa gongo wa miaka mingi ndo hatari zaidi, ndani ya siku 2 anaweza kuanguka degedege, halafu anaanza kuona vitu ambavyo havipo, na anaweza kufa nyie mko nje na funguo. Huyo anatakiwa apewe dawa ya kumtuliza, inapunguzwa taratibu, na vitamini B1, na mtu wa afya awepo anamwangalia. Tena wengine pombe inaficha sonona, usipoitibu kesho yuko kilabuni. Ndo kazi ya kile chumba, na wazo lilikuwa langu, nasema tu ili kumbukumbu zikae sawa.

Ada: wanachama 61, waliolipa 19, tunadai zaidi ya milioni 1. Wanaolilia mbuzi wengi wamo kwenye wale 42, majina sitaji, mnajijua.

Mwakani Mungu akipenda tutapata nesi wa kudumu, labda na chumba kingine Kiboriloni, tutaangalia hali. Kodi ya Pasua inaisha mwezi wa 3, mweka hazina anapokea hata nusu nusu.