YAH: MALALAMIKO KUHUSU LAINI ZILIZOSAJILIWA KWA KITAMBULISHO CHANGU, NA KUITWA TAPELI NDANI YA DUKA LENU

Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natumaini ninyi nyote ni wazima na kazi zinaendelea. Zangu haziendelei, na sababu mnayo hapo ofisini kwenu.

Sina haja ya kuwaeleza utaratibu wa kusajili laini. Tangu Mei 2019 mnasajili kwa alama za vidole, dole linalinganishwa na kumbukumbu za NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, na wakala hawezi kufanya hivyo bila kuingia kwenye mfumo wenu kwa utambulisho wake. Kwa hiyo mkitaka kumjua aliyesajili zile namba mbili nilizoziona nilipobonyeza *106# kutazama laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu, mnaweza kumjua kabla chai haijapoa. Namba hizo si zangu. Sijawahi kuzipigia wala kuzipokea, na laini zake sijawahi kuzishika.

Nianze na la dukani, maana ndilo linalonikosesha usingizi.

Nilifika na karatasi ya polisi mkononi. Nikamsalimia binti wa kaunta, nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu huko Kahama alitumiwa ule ujumbe wa "ile hela nitumie kwenye namba hii", akatuma, na namba yenyewe imeonekana ina jina langu. Nikamwomba anisaidie barua ya kuonyesha laini ilisajiliwa lini, wapi na wakala gani. Binti akachukua kitambulisho changu, akaingiza namba kwenye kompyuta, kisha akaanza kusoma kama yuko mnadani: majina yangu matatu, tarehe ya kuzaliwa, kata ninayoishi, na namba ya NIDA yote, tarakimu zote 20. "Ndiyo wewe?" Nikajibu ndiyo mimi. "Basi laini ni zako, mama. Dole gumba halidanganyi." Akamgeukia mlinzi huku anacheka: "Kumbe wale wa tuma kwa namba hii wapo hadi wa umri huu!" Watu kwenye foleni wakacheka.

Ndugu Meneja, mimi ni fundi cherehani. Nina wajukuu.

Wakala wenu ninayemshuku alikuwa chini ya mwamvuli wenye rangi na nembo yenu, pale Mbagala Rangi Tatu, karibu na stendi. Nilikwenda kusajili laini moja. Nikaweka dole, akasema halijasoma. Nikafuta jasho, nikaweka tena, akasema vidole vya mafundi vinasumbua, niweke na cha pili. Nikaweka tena na tena. Katikati ya hayo alikipiga picha kitambulisho changu, mbele na nyuma, kwa simu yake mwenyewe, si kwa kifaa cha kazi, akidai mtandao uko chini na angemalizia baadaye. Nilipomuuliza picha za nini, alinijibu ndivyo kampuni inavyotaka. Je, ndivyo mnavyotaka? Naomba jibu la swali hilo kwa maandishi. Nilipomrudia baada ya duka lenu kunifukuza, mwamvuli haukuwepo. Muuza maji wa jirani akaniambia kijana huyo alishahama, na kwamba si mimi wa kwanza kumuulizia.

Nimesema kunifukuza, na sikukosea neno. Mlinzi alinishika kiwiko.

Askari aliponipigia mara ya kwanza nilidhani yeye ndiye tapeli, nikakata simu. Ndiyo hali mliyotufikisha. Baadaye nilikwenda mwenyewe kituoni nikaandikisha maelezo, na niseme kweli, pale kituoni nilipewa kiti na kusikilizwa. Waliniambia nilete barua ya kampuni ya simu. Jambo dogo kabisa. Kwenu ndiko barua hiyo ilikogeuka kuwa kesi.

Kila wiki mnatutumia ujumbe kwamba tukiona namba ya tapeli tuitume 15040. Mnatukumbusha kwamba huduma kwa wateja hupiga kwa 100 pekee, na ukutani dukani kwenu mmebandika tangazo la Sitapeliki, kampeni ya kupinga utapeli. Vizuri sana. Sasa leo tapeli anayetumwa 15040 ni mimi! Na mkiamua kesho kufungia kila laini iliyo chini ya kitambulisho hicho, mtaifunga na ile ya kweli, ambayo wateja wangu hunitumia malipo ya awali ya sare za shule. Nani atamweleza mzazi kwamba hela yake imekwama kwa sababu wakala wenu ana vidole vyepesi?

Narudia la dukani, kwa sababu nadhani hamjalielewa. Nilisimama mbele ya kaunta, nikaongea kwa kunong'ona ili watu wasisikie. Yeye akasoma kwa sauti ili wasikie. Tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA ni tarehe ya kuzaliwa ya mtu. Zilizobaki alizitaja mojamoja, polepole, na kijana mmoja nyuma yangu alikuwa ameinua simu. Sijui alikuwa anaandika nini. Nilipomwambia binti, "Mwanangu, punguza sauti," alijibu kwamba mwenye siri asisajili laini. Ndipo akamwita mlinzi, akasema lile neno. Kwenye foleni ile alikuwepo mama ambaye nilikuwa namshonea gauni za harusi ya mwanawe. Hakucheka. Alihamisha mkoba wake kutoka bega la upande wangu kwenda bega la pili. Jioni hiyohiyo alimtuma mtoto aje achukue vitambaa vyake, havijakatwa.

Na lipo jingine. Binti aliniandikia "njoo Jumatatu" kwenye kipande cha karatasi. Nilipofika nyumbani nikakigeuza: nyuma yake ni nakala ya kitambulisho cha mtu mwingine kabisa, picha na namba vikionekana vizuri. Kwa hiyo nakala za vitambulisho vyetu ndizo karatasi zenu za chakavu. Tumezoea kufungiwa karanga kwa nakala za vyeti vya watu na kudhani ni ushamba wa muuza karanga. Kumbe zinatoka kwenye ofisi zenye kiyoyozi. Karatasi hiyo ninayo, nimeihifadhi. Siwarudishii.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022, na imeanza kutumika 1 Mei 2023. Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia 3 Aprili 2024. Msiniambie jambo hili ni jipya na kwamba wafanyakazi bado wanafundishwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao nayo ipo tangu 2015. Nakala za zote mbili nimesomewa na kijana wangu anayesomea sheria, na maswali aliyouliza ni makali kuliko yangu.

Nilipokuja dukani nilikuwa nataka barua tu. Mngenipa ningewashukuru na kwenda zangu. Sasa nataka barua hiyo, iende moja kwa moja kituoni kwa gharama zenu. Nataka namba zote mbili zifutwe kwenye kitambulisho changu na nipewe uthibitisho. Nataka kujua wakala aliyezisajili, siku, saa na mahali, na kama amewafanyia wengine hivyohivyo, watafuteni muwaambie kabla askari hajawapigia. Nataka picha alizopiga zifutwe kwenye simu yake mbele ya shahidi. Nataka pia kuombwa radhi, na si kwa ujumbe wa simu: palepale kaunta, mchana wenye foleni, kwa sauti ileile aliyosomea namba yangu.

Na kwa kuwa nimefika hapa, nataka fidia ya kazi zilizoondoka. Ya gauni za harusi nitawaandikia hesabu yake pekee.

Nilikusudia kuwapa siku 14. Nimebadili nia, chukueni saba tangu siku mtakayogonga muhuri kwenye barua hii. Zikipita, malalamiko rasmi yatakwenda kwa Tume hiyo na kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, siku moja, pamoja na kile kipande cha karatasi, na mwenye picha ile nitakuwa nimeshamtafuta tukaenda wote. Baada ya hapo ni mahakamani, na huko yule binti atasoma kwa sauti anavyopenda.

Jina langu, namba ya simu na nakala ya karatasi ya polisi vimo kwenye bahasha ya ndani iliyofungwa kwa gundi. Aifungue Meneja peke yake. Nakala ya kitambulisho sikuweka. Mnazo za kutosha.

Mteja wenu, kwa sasa,

Fundi cherehani,
Mbagala, Dar es Salaam.

Nakala: Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (zitapelekwa siku ya nane).