Usiiondoe Ile Michoro ya Wino

Mwenzangu,

Barua yako imefika, na hasira zako zimefika nayo. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka pale uliposema kwamba ukipokea tena jibu la maombi ya kazi linaloanza na "Tunakushukuru kwa kuonyesha nia", utalichorea katuni na kulirudisha lilikotoka. Mara ya pili sikucheka, maana nilifika kwenye yale maneno ya mwisho uliyoyapitisha harakaharaka, kwamba kabla wiki haijaisha utaiondoa michoro yote ya wino kwenye potifolio yako, ule mkusanyo wa kazi unaowaonyesha waajiri, ubakize nembo na mabango, "vitu vinavyotakiwa sokoni". Ni hayo yaliyonikalisha niandike. Mengine tungeyamaliza kwa simu.

Naona hesabu yako imekwenda kombo, na imeanzia pale ulipoyachanganya majibu yote ukayapa maana moja: hawanitaki. Nimeyasoma yote uliyonitumia. Hayasemi kitu kimoja, na mengine hayasemi kitu kabisa.

Lile la kampuni ya matangazo, la "maombi yalikuwa mengi na ushindani mkali", halikuandikwa kwa ajili yako. Ni maandishi yanayokaa tayari ndani ya programu ya kupokea maombi. Mtu akishabofya kwamba hawa hawaendelei, yanawatoka wote kwa mkupuo. Jina lako limo kwa herufi kubwa tupu kwa sababu ndivyo ulivyolijaza kwenye fomu. Wewe umekesha ukilipekua neno kwa neno, eti kwa nini wameandika "kwa sasa". Kulitafutia maana jibu la namna ile ni kumuuliza kasuku amekusudia nini.

La "tumempata mwenye uzoefu zaidi" lina habari kidogo, ila si ile uliyoisikia. Tangazo lenyewe lilisema nafasi ni ya anayeanza. Mwajiri akitangaza hivyo kisha akakwambia uzoefu wako hautoshi, mara nyingi ama amejitokeza mtu wa miaka mingi aliyekubali ujira wa anayeanza, ama nafasi ilikuwa na mwenyewe tangu mwanzo, mtu wa ndani, na tangazo lilitolewa kutimiza utaratibu. Yote mawili hayapendezi. Lakini hakuna hata moja ambalo ungelizuia kwa kuchora vizuri zaidi.

Nikueleze nilichokiona upande wa pili wa meza, maana sikuwahi kukusimulia. Kuna wakati pale nilipokuwa nikifanya kazi tulitafuta mchoraji wa vitabu vya sayansi vya watoto, nami nikaambiwa nisaidie kuchambua maombi. Mchujo wa kwanza haukufanywa na mtu wa sanaa. Ulifanywa na ofisi ya rasilimali watu, kwa orodha: anajua programu zipi, anaweza kuanza lini, fomu imejaa au ina mapengo. Walioanguka hapo, hakuna mchoro wao uliofunguliwa. Waliobaki wakaletwa kwetu, tukawa tunawapitia katikati ya kazi nyingine, picha tatu nne za mwanzo, haya, anayefuata. Haikuwa dharau. Mkurugenzi wa sanaa alikuwa na swali moja tu kichwani: huyu anaweza kuchora mguu wa panzi mtoto akahesabu viungo vyake?

Sasa, potifolio iliyotusisimua kuliko zote ilikuwa ya mtu aliyechora miji usiku. Madirisha, nyaya, mvua, vivuli. Tuliitana kuja kuiangalia, kila mtu akaacha kiti chake. Na mtu huyo alitumiwa lile lile jibu la ushindani mkali, kwa sababu hakuwa na panzi hata mmoja, na kwa sababu programu ilikuwa na barua moja tu ya kukataa. Hakuna aliyepoteza dakika kumwandikia kando. Hadi leo hajui kwamba ofisi nzima ilisimama kwa ajili yake. Kisha, waombaji wa mwisho wakiwa wameshafanyiwa usaili, bajeti ikakatwa na nafasi ikafutwa. Unajua waliandikiwa nini? Kwamba ushindani ulikuwa mkali. Hakuna aliyeajiriwa, lakini ushindani ulikuwa mkali! Bila shaka wapo waliorudi kwao wakaanza kujipunguza, wakifuta hiki na kubadilisha kile, ili wamridhishe mtu ambaye hakuwepo.

Ndiyo maana nakuzuia.

Njoo basi kwenye jibu lililokuuma kuliko yote, lile fupi la mhariri wa vitabu vya picha: "Mistari yako ina uhai, ila mtoto wa ukurasa wa pili si yule wa ukurasa wa sita." Umemwita mkatili. Mimi namwona ndiye mtu pekee katika msururu huu wote aliyekaa na kazi yako. Mtu hawezi kugundua jambo hilo kwa kupita; lazima arudi nyuma alinganishe kurasa. Na samahani kukwambia, amesema kweli. Niliifungua hadithi yako nikapima. Yule binti anaanza na urefu wa vichwa vinne hivi, yaani urefu wa kichwa chake mara nne, kama mtoto mdogo anavyotakiwa, halafu akifika mtoni amekaribia sita. Amekua njiani! Pua nayo imehama kidogo, lakini kinachomzeesha hasa ni urefu.

Hilo ni jambo la kurekebishwa mezani, halihitaji mtu kubadilisha kipaji. Wanaotengeneza katuni za televisheni hawawezi kulikwepa, maana mhusika mmoja huchorwa na mikono mingi, kwa hiyo kabla ya hadithi hutengeneza karatasi ya mhusika: mbele, ubavu, mgongo, na robo tatu, yaani akiwa amegeuka kidogo; kisha uso huohuo ukicheka, ukiogopa, ukinuna; na kando yake mistari ya kupimia, kichwa kwa kichwa. Mtu mzima huenda kwenye vichwa saba au saba na nusu, mtoto hupungua kadiri umri unavyopungua. Mtengenezee binti wako karatasi ya namna hiyo, uibandike mbele yako, kisha uchore upya zile kurasa mbili tatu zilizomtupa mhariri nje ya hadithi. Usichore kitabu kizima.

Na tazama kichekesho cha mambo. Jibu pekee lenye mtu ndani yake limekuja kwa sababu ya michoro ya wino. Nembo na mabango yako, ambayo ni mazuri na unajua nayapenda, hayajaambulia hata sentensi moja ya mtu aliye hai. Na wewe unataka kuondoa ipi? Ya wino.

Ulinikumbusha mwishoni habari za wasanii wakubwa waliokataliwa, kwamba umechoka kupewa hadithi zao. Hata mimi. Tunazijua kwa sababu walifaulu. Waliokataliwa wakabaki hivyo hivyo hawana msimulizi. Kuna moja tu ambayo huwa nairudia, na si kwa ajili ya mshindi wake. Mwaka 1863 jopo la maonyesho rasmi ya sanaa ya Paris lilikataa kazi nyingi mno, malalamiko yakamfikia Kaizari Napoleon III, naye akaamuru zilizokataliwa zitundikwe katika maonyesho yao wenyewe, umma ujionee. Watu walikwenda kwa wingi, wengi wao kucheka. Mchoraji Édouard Manet alikuwa miongoni mwa waliochekwa, na hiyo ndiyo sehemu inayosimuliwa kila mahali. Mimi huwafikiria zaidi wale walioona aibu wakaenda kuchukua picha zao kabla milango haijafunguliwa. Labda zilikuwa mbovu, labda hazikuwa. Hakuna wa kusema, maana walilifanyia jopo kazi iliyobaki kwa mikono yao wenyewe.

Haya, tuache Paris. Kuna mambo ya ufundi ambayo pengine yamekugharimu zaidi ya mtindo wa uchoraji.

Wasifu wako ni mzuri kutazama, lakini nilipoufungua nikajaribu kunakili jina lako, halikushikika. Maandishi yote umeyageuza kuwa michoro kabla ya kuhifadhi faili la PDF, kama tunavyofanya tukipeleka kazi kwa mpiga chapa ili fonti isiharibike. Kwa mpiga chapa ni sawa. Kwa programu inayosoma maombi, ukurasa ule hauna neno hata moja. Ni picha tu. Huenda baadhi ya wale walionyamaza kimya hawakuwahi kukuona. Hifadhi upya maandishi yakiwa maandishi, safu moja badala ya mbili, kisha ujaribu mwenyewe: chagua yote, nakili, bandika kwenye ukurasa mtupu. Yakitoka yamevurugika, mashine nayo inayaona hivyohivyo. Urembo wote uhamishie kwenye potifolio, huko ndiko kwake.

La pili ni lile zoezi la majaribio. Mabango matatu, ya mteja wao wa kweli, kwa jina lake halisi, bila malipo, kisha wakakwambia "tumeamua kufuata mwelekeo mwingine". Hapa hasira yako naiunga mkono, wala sikuombi uipunguze. Zoezi la saa moja au mbili juu ya bidhaa ya kubuni ni usaili. Kazi ya mteja anayelipa ni kibarua bila ujira, hata wakiiita jina gani. Lakini uliuliza kama wakiyatumia huna la kufanya. Unalo. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi nyingi duniani zimeuridhia, kazi ya sanaa haihitaji kusajiliwa ili iwe na hakimiliki. Sharti hilo la kutodai usajili liliingizwa katika marekebisho ya Berlin mwaka 1908. Kwa kuwa hukuwa mwajiriwa wao na unasema hukusaini karatasi yoyote, michoro ni yako. Soma tu tena fomu ya maombi, maana masharti hupenda kujificha chini, na sheria ya pale kampuni ilipo ndiyo itakayoamua mengine. Ujue pia mpaka wake: kinacholindwa ni mchoro ulivyochorwa, si wazo lililo ndani yake. Wakichukua lile wazo la bango lako, la mwavuli uliogeuka kikombe, wakamchorea mteja kwa mkono mwingine, huna kesi.

Siku nyingine uliza kabla hujashika kalamu: zoezi linatarajiwa kuchukua muda gani, linalipwa, na litatumika wapi. Waulize kwa upole, kwa maandishi. Mwenye nia njema hujibu siku hiyohiyo. Anayekasirika kwa kuulizwa, shukuru amekasirika mapema. Na ukituma, tuma nakala ndogo isiyoweza kuchapishwa kwa ukubwa, jina lako likipita juu yake kwa rangi hafifu.

Walionyamaza, waandikie mara moja tu baada ya wiki mbili hivi, mistari miwili, kisha wafute kwenye orodha. Usikae ukiwasubiri.

Kuhusu nembo na mabango, sijasema uyaache. Yamekulipia kodi na yataendelea. Tengeneza potifolio mbili, moja ya kila upande, ili wa matangazo asikutane na binti wa mtoni, na mhariri asilazimike kupita kwenye nembo ishirini kabla ya kumfikia. Hilo nadhani ndilo ulilokuwa ukilihitaji, ila ulikuwa umeshika kifutio.

Mhariri usimjibu leo. Mjibu ukishakuwa na zile kurasa mkononi, hata ikichukua miezi miwili. Sentensi aliyokuandikia haimnyimi mtu ruhusa ya kurudi. Nimekuandikia mfano, uubadilishe upendavyo:

"Ndugu Mhariri, nashukuru kwa maoni yako juu ya mtoto wa ukurasa wa pili na wa sita. Nimemtengenezea karatasi ya mhusika na kuzichora upya kurasa tatu, nimeziambatisha hapa. Ukipata nafasi ya kuzitazama nitafurahi, na kama una hadithi nyingine inayotafuta mchoraji, niko tayari."

Basi, usiongeze neno. Usiombe radhi kwa kurasa za zamani wala usimsimulie majibu ya wengine.

Nitumie karatasi ya binti ikiwa tayari, hata ya penseli. Nitampima vichwa.

Wasalaam,
Mwenzio